Doshi na nyumba alizoziacha nusu

Swali: "Shikamoo Mwalimu. Ninasoma usanifu majengo, mwaka wa tatu, hapa Dar es Salaam. Tumepewa kazi ya kuandika juu ya Balkrishna Doshi wa India. Najua alipata tuzo ya Pritzker, ile kubwa ya usanifu majengo duniani, lakini nikitazama picha za majengo yake sioni mnara wala kitu cha kumfanya mtu asimame barabarani. Naona matofali, zege na vibaraza. Tena miaka mingi alikuwa anafundisha. Je, ualimu haukumpunguzia kazi? Na kwa nini kule Indore aliwakabidhi maskini nyumba ambazo hazijaisha? Mimi nilipopeleka wazo kama hilo darasani niliambiwa nakwepa kazi. Nina wiki moja tu, nianze na jengo lipi?"

Marahaba, mwanangu. Maswali yako ni matatu na nitayajibu yote, ila nitaanza na la ualimu kwa sababu mengine mawili yanategemea hilo. Doshi alijenga namna alivyofundisha. Anakuwekea msingi imara, anakuonyesha mwelekeo, halafu anakuachia nafasi uweke chako. Wanafunzi wake waliachiwa nafasi hiyo, na familia za Indore vilevile. Ukimwandika kama msanifu ambaye pia alikuwa mwalimu, utamkata mtu vipande viwili na hakuna kipande kitakachoeleweka.

Alizaliwa Pune, magharibi mwa India, tarehe 26 Agosti 1927. Ukoo wao ulikuwa umeshika kazi ya samani kwa vizazi viwili, kwa hiyo mbao na randa alivijua kabla ya rula na penseli. Mama yake alifariki yeye akiwa bado mchanga, akalelewa ndani ya familia pana, katika nyumba iliyokuwa ikiongezwa vyumba kadiri watu walivyoongezeka. Ikumbuke nyumba hiyo, maana nitairudia.

Mwaka 1947, India ikipata uhuru wake, Doshi aliingia chuo cha Sir J. J. mjini Bombay, ambao leo ni Mumbai. Ni chuo hichohicho alichopitia Anthony Almeida, mzaliwa wa Dar es Salaam, ambaye baadhi ya majengo yake bado yamesimama jijini kwenu na pengine unayapita bila kujua ni ya nani. Siku ukipata nafasi mtafute huyo naye.

Mwaka 1950 Doshi akavuka kwenda London. Mwaka uliofuata alihudhuria mkutano wa kimataifa wa wasanifu wa kisasa uliofanyika Hoddesdon, si mbali na London, akakutana na habari za mji mpya wa Chandigarh ambao Le Corbusier, msanifu mashuhuri mwenye ofisi Paris, alikuwa ameanza kuuchora kwa ajili ya India. Akamwomba kazi kwa barua aliyoiandika kwa mkono. Akajibiwa aje Paris, lakini miezi minane ya mwanzo hatalipwa mshahara. Kifaransa hakijui, fedha hana. Akaenda.

Alikaa katika ofisi ya barabara ya Sèvres mpaka mwaka 1954, na lugha kati yake na bwana mkubwa ilikuwa mchoro. Wanafunzi wangu wengi hupita haraka hapa, wanaandika "alifanya kazi na Le Corbusier" wakaenda zao. Usifanye hivyo. Kijana anayejifunza bila kuelewa maneno analazimika kutazama mkono: unaanzia wapi, unasita wapi, unafuta nini. Mimi naamini ndipo Doshi alipojifunza kufundisha. Maisha yake yote alimwita Le Corbusier guru wake, yaani mwalimu kwa maana nzito ya Kihindi, yule anayekulea na kukufungua macho.

Mwaka 1954 alirudi nyumbani kusimamia majengo ya Le Corbusier mjini Ahmedabad, Gujarat. Mji huo wakati ule ulikuwa mji wa viwanda vya nguo, na wenye viwanda walikuwa watu wenye mali na hamu ya mambo mapya. Kulikuwa na ofisi za chama cha wenye viwanda kando ya mto Sabarmati, jumba la makumbusho, na nyumba mbili za familia tajiri, Sarabhai na Shodhan. Doshi ndiye aliyekuwa pale kwenye vumbi, kati ya mchoro uliotoka Ulaya na fundi aliyeshika mwiko. Ahmedabad mwezi Mei joto linapita nyuzi 40. Hapo ndipo mtu anapojua kama kizuia-jua cha zege kimechorwa kwa ajili ya jua au kwa ajili ya picha.

Katika mwaka huohuo alijiwekea nadhiri. Aliikumbusha alipotangazwa mshindi wa Pritzker akiwa na miaka 90, kwa hiyo haikuwa maneno ya ujana tu: aliapa kwamba atawapatia watu wa tabaka la chini kabisa makazi yanayostahili, na kwamba hatalisahau hilo maisha yake yote. Mwaka 1955 alimwoa Kamala Parikh, na mwaka 1956, akiwa na wasanifu wenzake wawili aliowaajiri, akafungua ofisi yake, Vastushilpa. Kazi za mwanzo zilikuwa pamoja na nyumba za gharama nafuu za wafanyakazi wa taasisi ya utafiti wa nguo ya Ahmedabad. Nadhiri ilianza kulipwa mapema.

Sasa twende mwaka 1962, ambao ningekushauri uuweke katikati ya insha yako. Mambo mawili yalitokea.

La kwanza ni la Louis Kahn. Wakuu wa Ahmedabad, akina Kasturbhai Lalbhai na Vikram Sarabhai, walikuwa wanataka kujenga taasisi kubwa ya masomo ya uongozi wa biashara, ile inayojulikana leo kama IIM Ahmedabad. Kazi ya namna hiyo ni ndoto ya kila msanifu. Doshi, mwanamume wa miaka 35 mwenye ofisi changa, akawashauri wamwite Kahn, msanifu mashuhuri wa Marekani, kutoka Philadelphia, yeye mwenyewe akabaki mshirika wa kazi hiyo hapo mjini. Fikiri kidogo, mwanangu. Angeweza kuichukua. Aliona kwamba mji wake ukimpata Kahn utapata zaidi ya jengo, utapata mwalimu, na vijana watamwona mtu huyo akifikiri mbele yao. Ikawa hivyo. Kahn alikuja na kurudi mara nyingi mpaka alipofariki Machi 1974, akiwa ndiyo kwanza ametua New York akitokea Ahmedabad. Anant Raje, aliyekuwa amefanya kazi na Kahn, aliiendeleza kampasi ile, na naye akawa mwalimu wa vizazi vya wasanifu. Doshi alizoea kumwita Kahn yogi, yaani mtu wa tafakuri. Kati ya guru na yogi, yeye akatafuta njia yake.

La pili ni chuo. Mwaka huohuo Doshi alikuwa mwanzilishi na mkurugenzi wa kwanza wa Shule ya Usanifu Majengo ya Ahmedabad, akisaidiwa na watu kama Bernard Kohn. Aliiongoza miaka kumi. Mwaka 1972 ikaongezwa shule ya mipango miji, baadaye kituo cha sanaa, na vyote hivyo vikakua na kuwa kile kinachoitwa leo Chuo Kikuu cha CEPT. Alikuwa mkuu wake wa kwanza hadi 1981.

Jengo la shule ile alilichora mwenyewe, na likakamilika mwaka 1968. Kuta ndefu za tofali zinakwenda sambamba, sakafu za zege zimeegemea juu yake, na madirisha makubwa yaliyoinama yanaingiza mwanga wa kaskazini kwenye vyumba vya kuchorea. Chini ya jengo ni wazi. Unaingia kwa ngazi, kwa mteremko, kwa upande wowote unaotoka, na kabla hujafika darasani umeshapita karibu na meza za wenzako na umeona wanachora nini. Doshi alitaka shule isiyo na milango, na alikuwa na maana mbili: ya mbao na ya akilini. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza asikie ubishi wa wale wa mwaka wa tano. Mchoraji na mhandisi wakutane kwenye ngazi. Pia wanafunzi walipelekwa vijijini na kwenye miji mikongwe kupima nyumba za watu kwa futi kamba na kuzichora, chumba kwa chumba, mpaka mahali mtungi wa maji unapowekwa.

Mimi nimefundisha studio kwa muda mrefu, na nilianza katika chumba chenye taa mbili na mlango wa chuma uliofungwa kila saa kumi jioni. Nakuambia kwa moyo wote: umbo la chumba linafundisha kabla mwalimu hajafungua mdomo. Doshi alilijua hilo akalijengea.

Kwa hiyo, ualimu ulimpunguzia kazi? Ofisi yake ilifanya zaidi ya miradi 100. Nani alifanya? Wanafunzi wake, na wanafunzi wa wanafunzi wake. Mwaka 1978 aliongeza taasisi ya utafiti, Vastushilpa Foundation, ili mambo yanayoulizwa darasani yapate majibu ya uwanjani: watu wa kipato cha chini wanaishije hasa, wanapika wapi, biashara ndogo inafanyika upande gani wa nyumba. Bila utafiti huo Indore isingekuwapo.

Majengo mengine nitayapita haraka. Taasisi ya Indolojia, yaani elimu ya mambo ya kale ya India, ya mwaka 1962, inayotunza hati za kale, ameinyanyua juu ya ghorofa iliyozama nusu ardhini ili hati zikae penye ubaridi. IIM ya Bangalore, aliyoianza mwaka 1977 na kuijenga kwa miaka mingi, ni jiwe la kijivu la hapohapo Bangalore na korido ndefu zilizoachwa wazi juu au kufunikwa kwa mihimili tu, mimea ikining'inia. Alikuwa anaukumbuka mji wa kale wa Fatehpur Sikri, ambako unatoka ua mmoja unaingia mwingine. Korido zile ni pana na ndefu kuliko njia ya kupita inavyohitaji, kwa sababu Doshi aliamini kwamba mengi hufundishwa baada ya kengele kulia. Na yapo Mapango, Amdavad ni Gufa, aliyoyafanya miaka ya 1990 pamoja na mchoraji M. F. Husain: vichuguu vyembamba vya saruji na wavu wa chuma, nusu vimefukiwa, vilivyohesabiwa kwa kompyuta lakini vikajengwa na vibarua wasiosomea ujenzi, kwa vifaa vya mkono. Wengine wanayapenda kuliko yote. Mimi nayaheshimu, lakini moyo wangu uko kwingine.

Uko Sangath.

Sangath ni ofisi yake mwenyewe, iliyokamilika mwaka 1980, pembezoni mwa Ahmedabad ya wakati ule. Jina lenyewe linabeba maana ya kwenda pamoja. Unatoka barabarani penye kelele, lakini huoni mlango. Njia inakuingiza kwa pembeni, unapita kwenye miti, unakutana na ngazi za majani kama uwanja mdogo wa maonyesho, ambako wafanyakazi hukaa wakapumzika na wageni hukaa wakasikiliza. Maji ya mvua yanateremka kutoka kwenye kuba ndefu, yanaingia kwenye vifereji vilivyo wazi, yanapita mbele ya macho yako mpaka bwawani. Mlango ukiuona, uko kwenye kona, na ukiingia unashuka. Nilipofika pale mara ya kwanza nilikuwa nimelowa jasho, na kabla sijafika kwenye meza ya mapokezi shati lilikuwa limeanza kukauka. Hakukuwa na kiyoyozi pale nilipokuwa nimesimama.

Inawezekanaje? Tazama sehemu tatu. Kwanza, nusu ya jengo imezama ardhini, na udongo hauchemki haraka kama hewa. Pili, kuba zimejengwa kwa vigae vya udongo vyenye uwazi ndani, vikiwekwa kati ya matabaka ya zege, na ule uwazi unazuia joto kushuka. Tatu, juu kabisa zimefunikwa vipande vyeupe vya vigae vya kauri vilivyovunjika, vinavyorudisha jua lilikotoka. Vipande hivyo ni takataka kwa mwenye kiwanda. Fundi aliyevipanga hakuhitaji mashine, alihitaji jicho na subira, kwa hiyo sehemu ya fedha ya paa iliingia mfukoni mwa mtu badala ya kununua bidhaa. Huu ndio ufundi wake ambao kwenye picha hauonekani. Ulisema huoni kitu cha kumfanya mtu asimame barabarani, na ni kweli. Pale mtu hasimami, anaingia.

Sasa Indore, ambako najua ndiko moyo wako uliko.

Mji wa Indore, katika jimbo la Madhya Pradesh, ulikuwa na mitaa ya vibanda kama miji yetu mingi. Mamlaka ya maendeleo ya mji ilitenga hekta 85 hivi, na Doshi na watu wake wakaanza kupanga Aranya katika miaka ya 1980. Mradi ulikuwa wa karibu nyumba 6,500, na leo wanaishi humo zaidi ya watu 80,000. Kabla ya kuchora walikwenda kwenye vibanda vyenyewe wakatazama. Waliona kwamba maskini hakosi akili ya kujenga. Kibanda chake kina baraza, kina mahali pa kufulia, kina kona ya biashara, kina mti. Anachokosa ni hatimiliki ya ardhi, maji, mfereji wa majitaka na mkopo. Hivyo vinne haviwezi kujengwa na mtu mmoja mmoja, hata awe hodari vipi. Chumba anaweza.

Basi Doshi akatoa kile ambacho mtu hawezi peke yake. Familia yenye kipato cha chini kabisa ilipewa kiwanja kidogo, vingine vya mita za mraba 35 tu, na juu yake jukwaa la msingi lililokwisha kujengwa, choo, bomba, na chumba kimoja au mahali pa kuanzia. Kila nyumba 20 zilikuwa na shimo lao la majitaka. Maji na umeme vilifika kote. Malipo yalipangwa kwa kutazama kipato cha familia. Kisha, kwa kutumia tofali, mawe na zege vinavyopatikana hapo, mtu aliongeza alipoweza: chumba cha pili mwaka huu, ghorofa mwaka ule binti akiolewa. Nyumba ya Pune imerudi, umeiona?

Na kwa kuwa yeye ni mwalimu, hakuwaachia kiwanja mikono mitupu. Alijenga nyumba za mfano 80, kuanzia ya chumba kimoja mpaka kubwa, ili watu waende watazame, washike ukuta, wapande ngazi, wachague. Zilikuwa kama kamusi. Kuna namna ya kuweka ngazi nje, mbele, ili ghorofa ya juu iweze kupangishwa bila mpangaji kupita sebuleni kwako. Kuna roshani. Kuna lile jukwaa la mbele ya nyumba ambalo Wagujarati huliita otlo, nawe unalijua kwa jina la baraza. Mtu wa Lamu au wa Mji Mkongwe Unguja haambiwi baraza ni la nini. Ni mahali ambapo nyumba na mtaa vinaamkiana. Doshi alilichora kwa umakini uleule aliouchorea choo, kwa sababu alijua kwamba bila baraza mtaa unakuwa barabara tu.

Tazama pia mpango mzima. Sekta sita zimepangwa kuzunguka uti wa mgongo wa biashara na huduma. Nyumba kumi kumi zinaunda kundi linalofungukia mtaa mdogo, na kila moja ina ua nyuma. Viwanja vya wenye uwezo vimewekwa pembezoni na kando ya uti wa mgongo, vya maskini vimewekwa ndani, lakini ndani ya sekta ileile, si mji mwingine. Mauzo ya viwanja vikubwa yalisaidia vile vidogo. Kazi hii ilipata Tuzo ya Aga Khan ya Usanifu Majengo mwaka 1995.

Sisi wenyewe si wageni wa mtindo huu. Sinza, Kijitonyama na Mikocheni zilianza katika miaka ya 1970 kwa mradi wa viwanja vyenye huduma, na Nairobi walikuwa na Dandora. Tembea Sinza jioni moja utazame: mtu alipewa kiwanja na bomba, leo kuna ghorofa tatu na duka la dawa chini. Tofauti ya Aranya ni kwamba msanifu hakuishia kwenye kipande cha ardhi. Alikichora kile kitakachotokea baadaye, kwa kadiri kinavyochoreka.

Sitakuficha upungufu. Baadhi ya familia maskini za Aranya ziliuza viwanja vyao kadiri bei ilivyopanda, wakaingia watu wa kipato cha kati, na mitaa mingine leo haina wale iliyokusudiwa. Huwezi kumzuia mtu kuuza mali yake, na yeye pengine alipata mtaji ambao hajawahi kuushika. Lakini insha inayosifu Aranya bila kulitaja hili itakuwa haijamaliza kazi. Liandike, na usilitumie kumpuuza Doshi. Mchoro una mipaka yake, na bei ya ardhi haiko kwenye meza ya msanifu.

Hebu sasa tuzungumze juu ya pendekezo lako lililokataliwa. Sijaliona, kwa hiyo sitasema mwalimu wako alikosea. Nimesahihisha michoro mingi iliyoandikwa "sehemu hii watamalizia wakazi" juu ya kiboksi cheupe, na mara nyingi ilikuwa kweli ni kukwepa kazi. Kuacha nyumba nusu kunahitaji hesabu nyingi kuliko kuimaliza. Ukuta gani utabeba ghorofa ya pili ambayo haipo bado, na msingi wake una upana gani leo? Ngazi itatua wapi bila kuua dirisha la jirani? Choo kimewekwa kona ipi ili chumba cha tatu kikija bomba lisivunjwe? Maji ya mvua kutoka kwenye paa la mwaka wa kumi yanakwenda wapi? Doshi alijibu maswali ya namna hiyo kabla ya mtu wa kwanza kuhamia. Ukiyajibu yako kwa mistari, hakuna atakayekuambia unakwepa.

Ipo pia kazi ndogo ambayo ningependa uitaje, nyumba za shirika la bima la LIC hapo Ahmedabad, za mwaka 1973. Aliweka familia tatu za vipato tofauti katika jengo moja: nyumba kubwa chini, ya kati katikati, ndogo juu, lakini ile ndogo ya juu akaipa nafasi ya wazi ya kuongezea. Miaka ikapita, watu wakaziba, wakavunja, wakapaka rangi, wakaongeza vyumba ambavyo yeye hakuwa amevifikiria. Wasanifu wengi wangekasirika. Yeye alifurahi, akasema hizo sasa ni nyumba zao.

Heshima zilikuja kwa kuchelewa na sitazikalia. Serikali ya India ilimpa nishani ya Padma Shri mwaka 1976, na Padma Bhushan mwaka 2020. Mwaka 2018 akawa Mhindi wa kwanza kupata Pritzker, na mwaka 2022 akapewa Medali ya Dhahabu ya taasisi ya kifalme ya wasanifu majengo wa Uingereza. Alifariki nyumbani Ahmedabad tarehe 24 Januari 2023, akiwa na miaka 95, na serikali ya India ikamtunuku Padma Vibhushan baada ya kifo chake. Ofisi inaendelea pale Sangath chini ya watu aliowalea, kati yao Rajeev Kathpalia, ambaye ni mkwewe, na mjukuu wake Khushnu Panthaki Hoof. Nyumba aliyoijengea familia yake mwanzoni mwa miaka ya 1960 bado inabeba jina la mkewe, Kamala House.

Umebakiwa na wiki moja. Usianze na Aranya, ni kubwa mno kwa siku saba na utaishia kunakili ramani. Anza na Sangath, na ndani ya Sangath anza na mkato mmoja tu, yaani mchoro wa jengo likiwa limekatwa wima, ule unaopita kwenye kuba, ngazi za majani na bwawa. Uchore kwa mkono, kipimo cha 1 kwa 100. Weka usawa wa ardhi kwanza, ujue umezama kiasi gani. Kisha chora jua la saa saba mchana la mwezi Mei na uone linagonga wapi, halafu tone moja la mvua kutoka juu ya kuba mpaka linapotulia. Mwisho weka watu: anayechora ndani, mgeni anayeshuka ngazi, fundi aliyekaa kwenye majani akila chakula chake cha mchana. Hiyo itakuchukua siku nne. Siku ya tano andika insha, na ya sita irekebishe. Ya saba uchukue lile pendekezo lako lililokataliwa, uweke karatasi ya mafuta juu yake, na uchore nyumba ileile ikiwa na miaka kumi.